Ng'ombe wa Mwalimu Mwanaarusi

Garsen,
9 Mei 2025

Kwa Mwalimu Mwanaarusi,

Assalaam aleikum. Habari za Chewele, habari za shamba, habari za mto, ndizi zinazaa? Mimi ni Dukicha Galma, dalali wa ng'ombe hapa soko la Garsen. Uliza mtu yeyote kutoka hapa mpaka Madogo Dukicha ni nani, atakuambia, na akikuambia kwa kifupi ujue ananionea wivu. Nimefika Mombasa, nimefika Nairobi, nimefika Jeddah na meli ya mbuzi, na huko Jeddah niligombana na Mwarabu kwa Kiarabu mpaka akaniomba radhi. Kiorma nimezaliwa nacho, Kisomali nimekiokota sokoni, Kipokomo chenu nakisikia hata mkinisengenya, na Kiswahili ndicho hiki unachosoma. Kizungu peke yake ndicho kilichonikimbia. Shule niliacha darasa la nne. La tano nililiona dirishani nikipita na ndama.

Hili la Kizungu ni siri. Hapa sokoni watu wote wanajua Dukicha anazungumza Kizungu, kwa sababu nimewaambia mimi mwenyewe. Wakija wageni wa Kizungu mimi hushikwa na kikohozi, au simu yangu huita.

Sasa shida yangu. Binti yangu Nasteha kaolewa Kanada, na ana mtoto wa miaka minane, Bishara. Mtoto anajua Kizungu tu. Agosti wanakuja kututembelea, mara ya kwanza, na kwa bei ya hizo ndege sijui kama nitaiona ya pili. Nataka nimsimulie mjukuu wangu hadithi moja tu. Mwaka ule wa mafuriko makubwa mto ulipanda ukabeba manyumba. Nyanya yake, yaani mke wangu Mumina, alimfunga Nasteha mgongoni, bado ananyonya, akashika mkia wa ng'ombe, ng'ombe akaogelea, wakavuka mamba wakiwatazama. Bila mkia ule hakuna Nasteha, na bila Nasteha hakuna Bishara. Mtoto lazima ajue alikotoka.

Utasema, si Nasteha atafsiri? Nilijaribu kwa simu. Nilisimulia mpaka koo likakauka, nikalia kidogo pia, halafu nikamsikia binti yangu akimwambia mtoto vineno vichache tu. Nikamuuliza, umesema nini? Akanijibu, "Nimemwambia mto ulikuwa mkubwa."

Mwalimu, mimi nilitaka kuzirai.

Watu wa Hola wanasema ulifundisha Kizungu mpaka ukastaafu, na kwamba wanafunzi wako mpaka leo wakikosea neno hugeuka nyuma kuangalia kama uko. Nifundishe. Iwe kwa barua, maana kwenye simu watu watanisikia, na neno la Kizungu nisipoliona limeandikwa huniponyoka. Posta yetu ni Randu, dereva wa lori la ng'ombe, hupita kwenu kila juma akienda Madogo. Ni mtu mwaminifu, mdomo wake tu ndio hauna breki.

Ada taja wewe.

Mwanafunzi wako mtarajiwa,
Dukicha Galma


Chewele,
16 Mei 2025

Bwana Dukicha,

Waaleikum salaam. Nimestaafu. Nina mahindi, nina ndizi, na nina tumbili wanaoiba vyote viwili. Sikuwa na nia ya kumfundisha tena mtu yeyote. Lakini ile tafsiri ya binti yako imenikera. Ada sitaki, na usinirudie kwa jambo hilo.

Hadithi ni mambo yaliyopita, kwa hiyo tunaanza na vitenzi vya wakati uliopita. Viko vya namna mbili. Vitenzi vya kawaida vina adabu, unaongeza -ed mwishoni, basi. Walk, walked. Cross, crossed. Wait, waited. Vile visivyo vya kawaida havimsikilizi mtu. See inakuwa saw. Go inakuwa went. Hakuna sheria na hakuna rufaa, unavikariri kimoja kimoja. Usiniulize kwa nini. Nimeulizwa maisha yangu yote na sijawahi kutoa jibu lililomridhisha mtoto mwenye akili.

Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia vile utakavyovihitaji mtoni. Ukishavikariri, niandikie hadithi yako kwa Kiingereza, sentensi fupi. Asikusaidie mtu. Nitajua.

Na salamu za ndizi zimefika.

Mwanaarusi


Garsen,
27 Mei 2025

Mwalimu dada yangu,

Vitenzi vya kawaida nilivimaliza kabla chai haijapoa. Wale ni ng'ombe waliopigwa chapa moja, hata mgeni atawajua. Lakini hawa wakorofi, wallahi, walinitesa mpaka nikakumbuka mimi ni nani. Mimi jioni nikisimama mlangoni pa zizi, ng'ombe wakiingia, sihesabu. Namwona yule asiyekuwepo. Kila mmoja namjua uso, namjua mama yake na nyanya yake. Basi nikavipeleka vitenzi vyako malishoni, nikavipanga kwa ukoo.

Drink, drank, drunk ni nyanya, mama na mtoto, sura moja, pembe tu zimebadilika. Sing na swim ni binamu zao. Bring na buy hawafanani hata kidogo, lakini watoto wao, brought na bought, ukiwasimamisha pamoja utadhani mapacha. Hapo kuna dume mmoja alitembelea boma mbili. Cut, cut, cut ni yule ng'ombe asiyebadilika, kiangazi yuko hivyo, masika yuko hivyo. Na went, mwalimu, went si mtoto wa go. Usinidanganye, mimi ni dalali. Huyo ametolewa boma la jirani na mwenyewe hajaja kumdai.

Hadithi yangu hii hapa, bila msaada:

The river rised. The water taked the houses. I holded the tail of the cow. I swimmed. The crocodile looked me. He feared and he goed.

Najua, najua. Malishoni nawajua wote. Nikianza kusimulia mkono unakwenda mbio, na wale nisio na hakika nao nimewapiga chapa ya -ed wasije wakapotea.

Sasa, ada umekataa. Kwetu mtu akikutendea wema namna hii humwachi mikono mitupu. Randu anakuletea ng'ombe, Dima, mwekundu, na ndama wake. Hauzwi wala hachinjwi. Unakaa naye, unamkamua, unakunywa, ndio urafiki wenyewe. Nimemvika kamba mpya kwa heshima yako.

Mwanafunzi wako hodari,
Dukicha Galma


Chewele,
2 Juni 2025

Kwa Mzee Dukicha Galma,

Baada ya salamu. Mimi ni Chande, kaka mkubwa wa Mwanaarusi. Dada yangu yuko Hola kwa binti yake aliyejifungua, kwa hiyo barua yako imewekwa kabatini. Hatukuifungua, sisi si watu wa kufungua barua za wenyewe. Lakini ng'ombe hakuwa ndani ya bahasha. Ameshuka kwenye lori siku ya Ijumaa, watu wote wakitoka msikitini.

Vijana walidhani ni wa Idd, wakaanza kunoa visu. Niliwazuia, kwa sababu niliiona kamba. Katika ukoo wetu, mnyama mwenye kamba mpya akiletwa kwa mjane kutoka kwa mwanamume wa mbali, jambo hilo lina jina lake, nalo ni posa. Nikamuuliza dereva ametumwa na nani na kwa sababu gani. Akasema, "Ni Mzee Dukicha. Wanaandikiana, mzee. Kila juma." Nikamkaribisha, akala kama mshenga.

Wazee tumekaa. Pingamizi hatuna. Nyinyi na sisi tumegombania maji na mashamba vya kutosha, huenda ndoa ikatupumzisha. Lakini mtu wa heshima hatumi dereva, huja na wazee wake. Halafu mwenyewe dada yetu bado hatujamuuliza, maana tunamwogopa. Na pembe moja ya ng'ombe imepinda. Hatusemi kitu, ila tumeiona.

Tuarifu siku ya kuja. Tutapika.

Chande


Garsen,
9 Juni 2025

Mwalimu,

Nakuandikia bila salamu, na ujue mtu kama mimi akiacha salamu mambo yameharibika.

Kaka yako anapika. Randu ametangaza kuanzia kwenu mpaka hapa, sokoni naitwa bwana harusi, na kuna mnunuzi mmoja ameniuliza kama nitachukua fungate Kipini. Hayo naweza kuyabeba. Lakini habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Mumina hakupiga kelele. Aliniwekea chai, akakaa mbele yangu, akasema, "Ukitaka kuoa, oa. Lakini si kwa ng'ombe wangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Dima ni wake. Kwetu mke ana ng'ombe wake wa maziwa, aliotengewa, na mume akimtoa mmoja bila kuuliza ajitafutie pa kunywa. Tangu siku ile nakunywa sturungi, chai bila tone la maziwa, mimi, Dukicha, mwenye zizi.

Nimrudishe Dima? Siwezi. Ng'ombe wa urafiki ukimfuata umemwambia mwenzako urafiki umekufa, na nitakuwa nimekutukana mbele ya ukoo wako. Nimwache huko? Kaka yako anatafuta mchele. Na Bishara anakuja, mwalimu, tiketi zimeshakatwa, na mimi mdomo wangu bado unasema goed. Kichwa kinajua ni went. Mdomo ndio haujaambiwa.

Usiniache njiani.

Dukicha


Chewele,
16 Juni 2025

Bwana Dukicha,

Nimerudi kutoka Hola nikakuta ng'ombe uani, sufuria la kuazima jikoni, na shangazi yangu ananiita biharusi. Nina wajukuu watano.

Barua yako ya tarehe ishirini na saba niliifungua nikaisoma mbele ya wazee, neno kwa neno, pamoja na ukoo wa drink. Chande hakuamini. Alisema hakuna mwanamume aliyempa mwanamke ng'ombe kwa sababu ya vitenzi, hiyo ni lugha ya mafumbo. Nimefundisha vitenzi maisha yangu yote na kweli hakuna aliyewahi kunipa hata kuku.

Wewe huwezi kumchukua, nami siwezi kukaa naye. Kila nikichuchumaa kumkamua, majirani wanasema nimekubali. Nisipomkamua ataugua. Kwa hiyo mpaka jambo hili liishe, masomo yamesimama. Siwezi kuandikiana na mtu ambaye kijiji kizima kinajua ni mchumba wangu.

Hata hivyo sijawahi kurudisha kazi bila kusahihisha. Rose. Took. Held. Swam. Looked at. Went. Tazama, vitenzi vya kawaida hapo ni viwili tu na vyote ni vya mamba. Wengine wote mmepata vile vikorofi. Kuhusu went ulibahatisha, kweli ni mtoto wa kitenzi kingine cha zamani, na go alimchukua.

Lakini kosa lako kubwa si kitenzi. Katika barua ya kwanza aliyeshika mkia ni Mumina. Katika hadithi ya Kiingereza ni I. Hapo nimepitisha kalamu nyekundu mara mbili.

Mwanaarusi


Garsen,
23 Juni 2025

Kwa Mwalimu Mwanaarusi,

Mimi ni Mumina. Sijui kuandika. Anayeandika ni mume wangu, na nimemwambia akiongeza neno lake nitajua, kwa sababu Randu atanisomea kabla haijaondoka. (Sijaongeza neno ila hili. D.)

Dima ni wangu. Mama yangu alinipa ng'ombe nilipoolewa, na Dima ni wa uzao wa yule. Mume wangu alimtoa bila kuniuliza kwa sababu siku hiyo alikuwa na akili nyingi. (Nilikuwa na haraka. D.) Nilikuwa namsikia zizini akiwasemesha ng'ombe Kizungu, nikadhani ni malaria. Sasa nimejua ni kwa ajili ya mjukuu. Angeniambia, ng'ombe ningetoa mimi mwenyewe, tena aliye bora kuliko huyo.

Mwambie kaka yako Chande hivi. Mwanamume akichukua mali ya mkewe bila mkewe kujua akaenda kuposa nayo, huo ni wizi, si posa, na wizi haufungishi ndoa. Mimi nimeshasema ng'ombe abaki huko. Kwa hiyo tangu leo ametoka kwangu. Na kama ametoka kwangu, basi aliyeposa ni mimi, na mimi nina mume tayari, wa kunitosha na kunizidi. (Nimeandika kama alivyosema. D.)

Hapo Chande aseme kama ataniozesha dada yake.

Huyu ni ng'ombe wa mwanamke kwa mwanamke. Mkamue, binti yako aliyejifungua anywe. Ile kamba mpya mvue, umfunge kuukuu. Pembe ilipinda akiwa ndama, na maziwa hayatoki pembeni.

Mwanafunzi wako usimwache. Agosti ni karibu, na kwa anavyosema sasa mtoto atapanda ndege arudi.

Halafu nauliza. Katika hiyo hadithi ya Kizungu, nani ameshika mkia? Nikimuuliza yeye anakohoa.

Mumina, na dole gumba langu hili hapa


Chewele,
30 Juni 2025

Mumina dada yangu,

Mumeo akusomee hii kwa sauti, bila kuruka.

Nilimsomea Chande barua yako baada ya alasiri. Alitaka nirudie pale pa wizi. Kisha pale pa kuposa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema watu wa Garsen wana wakili na hawajui. Sufuria limerudishwa kwa wenyewe. Mchele ulikuwa umeshapikwa, tukaula. Kamba imebadilishwa na Dima hana habari. Maziwa yake mazito. Binti yangu anayapata kila Randu akipita kwenda Hola, na mtoto ameanza kunenepa mashavu.

Masomo yanaendelea. Mumeo sasa aandike ukurasa mmoja kila juma, na jioni akusomee wewe, maana simulizi bila mtu wa kuisikiliza haikomai.

Kuhusu swali lako, nimeshamsahihisha. Kwa Kizungu I ni yeye na she ni wewe. Kwenye mto usikie she. Ukisikia I zimezidi, mkanyage mguu.

Rafiki yako,
Mwanaarusi


Garsen,
21 Agosti 2025

Mwalimu,

Assalaam aleikum, habari za Chewele, habari za Dima, habari za tumbili, wamebakisha hata hindi moja?

Wamefika, na mtoto ana meno ya mbele mawili hayapo na maswali yote yapo. Siku za kwanza alinitazama tu, mimi namwambia good morning hata saa kumi. Nikajipa moyo. Jana baada ya chai nikamtuma Nasteha dukani kununua sukari, na sukari ipo. Nikavaa kofia. Nikatandika mkeka mlangoni, Mumina upande huu, mtoto upande ule. Mumina alikuja bila viatu, kusudi.

Nikaanza. The river rose. Mwalimu, ilitoka kama mafuta. Took ikaja yenyewe. Nikaona mtoto ameacha kuchezea kamba ya kiatu. Nikafika pale pa kumfunga Nasteha mgongoni, na hapo tie akanitoroka. Mtu mpole, wa kawaida kabisa, wa chapa. Nimezoea wakorofi mpaka nikamgeuza mkorofi na yeye, nikasema jina ambalo halijazaliwa. Bishara alicheka akaanguka ubavu. Mimi nikacheka, Mumina akacheka na hajui tunacheka nini. Mtoto akaniambia lile neno sawasawa, polepole, kama wewe, kisha akasema niendelee.

Nikaendelea. She held the tail. She swam. Nilisikia kisigino cha Mumina juu ya kidole changu, kimekaa tu, kinangoja. Sikumpa sababu. Hata mamba nilimwacha kwa ukubwa wake aliozaliwa nao. Mtoto akauliza, na wewe Babu ulikuwa wapi? Hilo hatukulifanyia mazoezi. Mimi siku ile nilikuwa ng'ambo na madume, nimepanda mti, maji yako kati yetu. Nikamwambia, I saw. Nilitafuta kingine cha kuongeza, na unajua mimi sikosi cha kuongeza, lakini changu kilikuwa hicho kimoja. Nikasema tena, I saw. Kisha nikamaliza: they came out, they sat, she gave your mother milk. Basi.

Hakupiga makofi. Nikaona nimemchosha, nikaanza kulaumu Kizungu changu na mwalimu wangu pamoja. Halafu akainuka, akazunguka, akaketi nyuma ya nyanya yake, akashika ncha ya mtandio wake, akaisokota mkononi mpaka vidole vikawa vyeupe.

Mumina alipoinuka kwenda kuangalia mbuzi, mtoto nyuma. Alipoingia jikoni, mtoto nyuma. Nasteha alirudi na sukari akauliza kumetokea nini. Mumina akaniuliza kwa Kiorma, "Umemwambia nini huyu?" Nikamwambia nilivyosema, mwanzo mpaka mwisho. Akanitazama kama ananipima bei.

Ilipoingia adhuhuri akataka kutawadha, na ule mkono bado umeshika. Hakuuvuta. Alivua mtandio taratibu, akamwachia wote, akaenda ndani kutafuta mwingine.

Mwanafunzi wako,
Dukicha Galma